Yumbisha: Kitenzi, Mtendaji na Lawama

Kitenzi *yumbisha* hufafanuliwa mara nyingi kwa visawe: *tikisa*, *vuruga*. Ufafanuzi huo unaficha tofauti ya kisarufi yenye uzito. Katika Kiswahili cha leo, *tikisa* na *vuruga* ni vitenzi elekezi katika umbo lao la msingi; hali inayotokana na tendo huonyeshwa kwa mnyambuliko: *tikisika*, *vurugika*. *Yumba* huenda kinyume. Hapa hali ndiyo msingi, na mtendaji huingizwa baadaye na kiambishi -*ish*-. Ndiyo maana lugha haina haja na umbo *yumbika*.

Kwa hiyo jahazi huyumba, mlevi huyumba, mnazi huyumba. Upepo ukitajwa, hutajwa kama kichocheo cha mwendo ambao kitu chenyewe kinauweza. Aidha, kuyumba si kuanguka. "Aliyumba lakini hakuanguka" ni sentensi timamu. "Aliyumba huku amesimama imara" inajipinga.

Sifa hizi huhamia katika matumizi ya kisitiari. Anayeambiwa "usiyumbishwe na maneno ya watu" ndiye anayepewa wajibu wa kusimama. Wenye maneno hawaagizwi kunyamaza. Katika lugha ya siasa, hata hivyo, mizani hubadilika. "Uchumi umeyumba" haimtaji yeyote, hivyo humfaa kiongozi anayekwepa kuwajibika. "Wanataka kuyumbisha nchi" humtaja mtuhumiwa, na papo hapo hudokeza kwamba nchi ilikuwa imetulia kabla yake. Dai hilo la pili halitamkwi, kwa hiyo ni vigumu kulipinga: anayejibu "hatuyumbishi nchi" amekana tendo tu, na utulivu uliodokezwa umebaki bila kuhojiwa.

Hapa ndipo visawe vinapompotosha mwanafunzi na mfasiri. Anayeweka *vuruga* mahali pa *yumbisha* huongeza uharibifu ambao msemaji hakuudai. Anayeweka *yumba* humfuta mtendaji aliyekusudiwa. Kidahizo kinachofaa kingeonyesha mambo matatu: kwamba kitu kinachoyumbishwa bado kimesimama, kwamba udhaifu wake ni sehemu ya maana, na kwamba utulivu wake wa awali hudokezwa tu.

Lugha yenyewe haikumwekea mtendaji lawama yote. Swali la kwanza la mhakiki wa matini za kisiasa, basi, ni hili: kilichoyumbishwa kilikuwa kimesimama juu ya nini?