Makumbusho ya Ngome ya Al Fahidi: Dari Inasema, Vibao Vimenyamaza



Mgeni akitufikia hapa Satwa na kuuliza akatembee wapi, wengi wetu humpeleka kwenye maduka makubwa, akapiga picha chini ya ule mnara mrefu, basi. Wachache humpeleka ngomeni, kule Bur Dubai karibu na khori. Mie ni mmoja wa hao wachache, na sijuti. Lakini makumbusho yale yana jambo ambalo sie wa lugha hii hatuna haki ya kulinyamazia, na ndilo nililokusudia kulieleza leo. Kwa ufupi ni hili: jengo lenyewe linasema ukweli kuliko maonyesho yaliyowekwa ndani yake.

Tuanze na jengo. Ngome ya Al Fahidi huhesabiwa kuwa ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosimama Dubai, na tarehe inayotajwa kwa kawaida ni 1787. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji mfasiri hapo, atazijua kwa macho tu. Ilikuwa ngome ya ulinzi, ikawa makao ya mtawala, ikawa ghala la silaha, ikawa jela. Mwaka 1971 ikafunguliwa kuwa makumbusho chini ya Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, miezi michache tu kabla ya Falme za Kiarabu kuungana tarehe 2 Desemba mwaka huo huo. Sifa hiyo tuwape. Mji uliokuwa bado mdogo, wenye haraka ya kubomoa na kujenga upya, ulisita kidogo ukasema hiki kibaki.

Mwaka 1995 ikaongezwa sehemu ya chini ya ardhi, na hiyo ndiyo wengi waliyoijua hadi ngome ilipofungwa kwa ukarabati katika miaka hii ya 2020. Kiingilio kilikuwa dirhamu 3, bei ya chai na sambusa. Uani palikuwa na mashua, mizinga, na nyumba ya makuti yenye mnara wake wa kunasa upepo. Kisha unateremka ngazi unajikuta sokoni, katika Dubai ya zamani kabla ya mafuta. Sanamu ya fundi seremala, ya mhunzi, ya mwenye duka la viungo, watoto chuoni mbele ya mwalimu wao, sauti zinatoka ukutani kana kwamba soko liko hai. Mbele zaidi jangwa na mitende, halafu bahari na wazamiaji wa lulu, halafu makaburi ya kale na vyombo vilivyofukuliwa. Kazi ilifanywa kwa mapenzi. Watoto waliipenda, na kusema kweli hata sie watu wazima.

Sasa hebu tunyanyue macho juu, kwenye dari ya vyumba vya zamani.

Dari ile imebebwa na miti ambayo watu wa Ghuba huiita chandal. Sie tunaiita boriti. Ni mikoko, na mikoko ya kujengea ya namna hiyo haikukatwa Dubai. Ilitoka kwetu, kwenye visiwa vya Lamu na delta ya Rufiji. Wakataji waliingia matopeni maji yakitoka, wakakata kwa shoka, wakazipanga kwa unene, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zikauzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa kwenye majahazi, na kusi ilipoanza kuvuma zikaenda kaskazini. Ndiyo sababu vyumba vya zamani vya Dubai, vya Kuwait, vya Lamu na vya Unguja vinafanana kwa wembamba. Boriti haivuki mita tatu hivi, basi na chumba hakiwezi kuvuka hapo. Maana yake ni kwamba upana wa sebule ya tajiri wa lulu wa Ghuba uliamuliwa na mti uliokatwa Rufiji. Jambo kubwa hilo, nalo liko juu ya kichwa cha kila mgeni aliyeingia pale.

Na ushahidi haukosekani. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya bumu la Wakuwaiti hadi Unguja na Rufiji kuchukua boriti, akaandika kitabu kilichotoka 1940, Sons of Sindbad. Huko Rufiji ameeleza joto, mbu, na kazi ya kupakia miti. Biashara hiyo iliendelea muda mrefu baada ya hapo. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, yaani watu wanaoikumbuka kwa macho yao bado tunao.

Lakini katika maonyesho yale nilikotembea mie, mti ulikuwa mti tu. Jina lipo, safari haipo, na mikono iliyoukata haipo kabisa.

Mtu atasema: ndugu, hilo ni jambo dogo, boriti tu! Haya, twende kwenye lulu.

Sehemu ya wazamiaji ilikuwa nzuri sana kwa vyombo: kibano cha pua, jiwe la kuzamia, kamba, kikapu, ungo wa kuchambulia lulu. Nahodha naye yupo, na neno lenyewe ni moja kwao na kwetu. Kisichoonekana ni nani alizama, na kwa masharti gani. Wazamiaji wengi walifungwa na deni kwa nahodha wao, deni la msimu huu likazaa la msimu ujao. Na wengi hawakuwa na hata hilo deni, kwa sababu walikuwa watumwa, na bwana wao ndiye aliyepokea fungu lao. Mwanahistoria Matthew Hopper katika Slaves of One Master, kitabu cha 2015, ameonyesha jinsi soko la dunia la lulu na tende katika karne ya 19 lilivyovuta watu kutoka Afrika Mashariki hadi Ghuba. Tende zililiwa Marekani, lulu zilivaliwa Paris na London, na kazi ilifanywa na mtu aliyezaliwa kwetu. Kisha lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 vikaivunja biashara yote. Maonyesho yetu mengi ya Ghuba huhuzunikia sana kuvunjika huko. Ni haki yao. Ila yupo aliyevunjika kabla ya soko kuvunjika, naye hana sanamu.

Wala msiseme habari zake zimepotea. Watu waliokimbia utumwa walikwenda kwa mawakala wa Uingereza katika Ghuba, Sharjah, Bushehr na Muscat, kuomba hati ya uhuru. Wakahojiwa: jina lako nani, umezaliwa wapi, ulichukuliwaje, bwana wako nani. Majibu yao yamo katika mafaili ya India Office yaliyoko British Library, na mengi siku hizi yanasomeka bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Ndiyo yaliandikwa na karani kwa Kiingereza, na karani ana kalamu yake. Hata hivyo ni watu wanaotaja majina yao na kwao. Makumbusho gani duniani yanapata bahati ya ushahidi kama huo yakauacha?

Tuje kwenye ngoma. Katika chumba cha ala za muziki palikuwa na ngoma, zumari na tambura. Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi ya zamani ya upande huu anaijua leiwa: mpiga zumari katikati, watu wanamzunguka polepole, ngoma zinapanda. Ndani ya nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili, mengine yamechakaa hata waimbaji wenyewe hawayajui maana. Wallahi kwa mwanaisimu hiyo ni hazina. Kwenye kabati la vioo, hata hivyo, ala ilikaa kama ala ya taifa tu, haina mama wala baba.

Najua pingamizi mbili zitakuja, na zote zina uzito.

Ya kwanza: haya ni makumbusho ya mji wao, si yetu. Sie wageni, tena wengi wetu kwa viza ya miaka miwili miwili, tuna ubavu gani wa kudai? Jibu langu ni kwamba simwombei mgeni. Wajukuu wa wale wazamiaji na wapiga leiwa ni raia wa nchi hii, na historia ninayoizungumzia ni ya babu zao. Ikitajwa haimpunguzii mwenyeji kitu, inamwongezea jamaa.

Ya pili ni nzito zaidi: je, kwetu tumefanya vizuri? Twendeni Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, Waomani wakaizingira 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho 1960, na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia 2011. Jela kama Al Fahidi, makumbusho kama Al Fahidi. Ukipita ndani unakutana na Mreno, na Mwomani, na mabaki ya meli Santo António de Tanná iliyozama 1697. Vizuri sana. Lakini Mswahili wa Mombasa mwenyewe, wa Thenashara Taifa, mara nyingi ni kama mtazamaji wa vita vya wengine mlangoni kwake. Na waliofungwa mle miaka zaidi ya sitini nani anawataja? Kwa hiyo ugonjwa si wa Dubai peke yake. Ngome ina tabia ya kumkumbuka aliyeishika na kumsahau aliyeijenga na aliyefungwa ndani.

Dawa ipo, tena ipo Ghuba hapa hapa. Doha walifungua Nyumba ya Bin Jelmood mwaka 2015, katika makumbusho ya Msheireb, na mada yake ni utumwa katika Bahari ya Hindi na katika Qatar yenyewe. Wamesema waziwazi, kwa Kiarabu, ndani ya nyumba iliyopewa jina la mfanyabiashara wa watumwa. Mbingu hazikuanguka. Basi hatuwezi kuambiwa kwamba utamaduni wa huku haubebi maneno hayo.

Kwa nini nina haraka? Tazameni Satwa. Mwaka 2008 sehemu ya mitaa yetu ilibomolewa kupisha mradi wa Jumeira Garden City, kisha msukosuko wa fedha duniani ukausimamisha mradi wenyewe. Nyumba za chini zenye ua na mti katikati zilikwenda, na wakaazi wakatawanyika, wengine Sharjah, wengine Al Quoz, wengine makwao. Mtaa ukivunjwa, wazee hawahami na kumbukumbu zao pamoja, maana kumbukumbu nyingi hukaa kwa jirani. Mzee anayejua neno lile la leiwa maana yake nini, akiondoka, hakuna ukarabati utakaomrudisha.

Ngome ikikarabatiwa, nafasi imefunguka. Mapendekezo yangu si makubwa:

1. Kibao kimoja chini ya dari: mti huu ni mkoko, umetoka Lamu au Rufiji, umekatwa hivi, umesafiri hivi. Pawe na ramani ndogo ya kaskazi na kusi.

2. Kwenye lulu, pamoja na kibano cha pua, yawekwe maelezo ya mzamiaji mmoja kutoka mafaili yale, kwa maneno yake kadiri yalivyohifadhiwa.

3. Kwenye ala, sauti ya leiwa na maneno yake ya Kiswahili yaandikwe, na yasiyojulikana maana yaandikwe hivyo hivyo, asiyejua aseme hajui.

4. Na hili ni letu sie wasomi tuliotapakaa: tuache kungoja. Kinasa sauti kimo kwenye simu ya kila mtu. Wazee wa Satwa, Deira na Sharjah wanaozungumza lugha hii wanahojiwa lini, na nani, ikiwa si sisi? Makumbusho hayawezi kuweka ukutani kitu ambacho hakuna aliyekikusanya.

Mwenye ushahidi unaonipinga aulete, khasa wa hesabu za boriti bandarini na wa maneno ya leiwa. Nitausoma kwa furaha.

Wasalaam.