Skripti Isiazime Nywila ya Mtu

Takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kutoka zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri saba za Mkoa wa Singida huishia kila mwezi katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Kunakili tarakimu kwa mkono kunachosha na kunazaa makosa. Pale ambapo takwimu zimo tayari kwenye kompyuta ya hospitali, mtaalamu wa TEHAMA hushawishika kuandika skripti izitume yenyewe usiku. Hapo ndipo swali linapozuka: kama hakuna mtu wa kuandika jina na nywila, seva itamtambuaje mtumaji? Jibu la safu hii ni kwamba skripti ipewe utambulisho wake yenyewe, wenye mipaka, usioazimwa kwa mtumishi yeyote.

Njia nyepesi ni kuchomeka nywila ya afisa takwimu ndani ya skripti. Itafanya kazi, kwa kuwa DHIS2 hupokea jina na nywila katika kila ombi. Lakini jina na nywila hiyo huwa vimeandikwa tu kwa Base64, ambayo yeyote anaweza kuifungua bila ufunguo. HTTPS huvilinda njiani, ila haililindi faili lililolala kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye uwajibikaji. Afisa akihamishwa kutoka Manyoni kwenda Iramba na akaunti yake ikafungwa, taarifa zinakatika. Isipofungwa, kumbukumbu za mfumo zitaendelea kuonyesha kwamba ndiye aliyeingiza takwimu za Manyoni, na siku tarakimu zikizua utata ataulizwa yeye.

DHIS2 yenyewe imetoa njia bora, yaani tokeni binafsi ya kufikia mfumo, mfuatano wa herufi ambao skripti huutuma badala ya jina na nywila. Tokeni huonyeshwa mara moja tu inapotengenezwa. Inaweza kuwekewa tarehe ya mwisho, anwani za IP zinazoruhusiwa na aina za maombi inayoweza kufanya. Hata hivyo, hurithi mamlaka yote ya akaunti iliyoitengeneza, kwa hiyo tokeni ya msimamizi mkuu ni hatari sawa na nywila yake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kufungua akaunti maalumu ya skripti, yenye ruhusa ya kuandika takwimu za kituo kimoja tu, na tokeni itokane na akaunti hiyo. Mifumo ya fedha ya ukanda wetu imefuata kanuni ileile kwa mbinu tofauti. GePG, inayotoa namba za malipo ya Serikali, huzitaka taasisi zitie sahihi ya kidijiti kwenye kila ujumbe kwa ufunguo wake wa siri. Daraja, lango la Safaricom ya Kenya la kuunganisha programu na M-Pesa, huipa programu jozi ya funguo, nayo huzibadilisha kwa tokeni inayodumu kama saa moja.

Wapo watakaosema tokeni ni nywila iliyobadilishwa jina. Ni kweli kwamba ikiibwa hutumika, lakini nywila ya mtu hufungua kila alicho nacho, ilhali tokeni ya akaunti finyu hufungua kituo kimoja, na inafutwa bila kumsumbua mtumishi yeyote. Wengine watasema umeme na mtandao vikikatika Mkalama au Itigi, tokeni ya muda mfupi itaisha kazi ikiwa nusu. Hilo halina uzito, kwani tokeni ya DHIS2 hudumu hadi tarehe iliyowekewa, na kwa mfumo kama Daraja skripti huomba tokeni mpya kila inapoanza. Tena katika DHIS2 takwimu ileile ya kituo na mwezi uleule ikitumwa mara mbili hufuta ya kwanza, haijirudii, kwa hiyo kujaribu upya hakuharibu kitu. Pingamizi zito ni uhaba wa wataalamu: nani atakumbuka kubadilisha tokeni? Dawa yake ni daftari la halmashauri linaloonyesha kila tokeni, kazi yake, mwenye dhamana na tarehe ya kuisha.

Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania inamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde, na nywila ya mtumishi ikiibwa yaweza kufungua hata hizo. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa skripti, mtaalamu aiombee akaunti maalumu, na mkuu wake asikubali kuipokea kazi ambayo ndani yake mna nywila ya mtu.