Wasomaji wa Usingizi

Kazi ya kusoma mawimbi ya ubongo wa mnyama aliyelala haina sifa mitaani. Mimi naihesabu miongoni mwa ufundi wa hali ya juu, kwa kuwa humdai mtu atoe uamuzi maelfu ya mara na kila mara atende haki.

Mtazame msomaji akiwa na rekodi ya panya wa maabara. Mbele yake ipo mistari miwili: wa juu umetoka kwenye ubongo, wa chini kwenye misuli ya shingo. Panya akiwa macho, mawimbi ya ubongo ni madogo na ya haraka, na misuli haitulii. Akizama usingizini, mawimbi huwa makubwa na ya polepole, chini ya manne kwa sekunde, na misuli hulegea. Kisha huja hali ya tatu, na hapo ndipo fundi hujulikana. Ubongo hurudia mwendo wa haraka, utadhani mnyama ameamka, kumbe shingo imelegea kabisa. Michel Jouvet aliieleza hali hiyo kwa paka huko Lyon, Ufaransa, mwaka 1959, akaiita usingizi wa kinyume. Anayetazama mstari wa juu peke yake ataandika “macho” ilhali panya yumo usingizini.

Rekodi hukatwa vipande, na kila kipande hupewa jina lake. Vikiwa vya sekunde 4, siku moja ina vipande 21,600. Humo mna hila: panya akitafuna, mtikisiko wa taya huingia kwenye mstari wa ubongo, na umeme wa jengo nao huacha alama. Siku hizi programu hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ni msaada wa kweli. Lakini ikidai kwamba panya mzima ametoka macho moja kwa moja hadi usingizi wa kinyume, msomaji hodari husita, kwa sababu kwa kawaida mnyama mwenye afya hupitia kwanza mawimbi makubwa. Hurudi nyuma akakagua.

Hata urefu wa kipande ni uamuzi mzito. Usingizi wa binadamu husomwa kwa vipande vya sekunde 30. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba ngwini wa kisiwa cha King George, Antaktika, wanaolinda viota vyao, husinzia zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila mara kama sekunde 4 tu, na jumla ya usingizi wao kwa siku huzidi muda wa saa 11. Wavu wa matundu makubwa haushiki dagaa: kwa vipande vya sekunde 30, visinzio hivyo vifupi visingeonekana kimoja kimoja.

Enyi vijana mnaoingia maabara, msipokee majedwali ya programu kabla ya kufungua rekodi yenyewe. Isomeni kwa macho yenu, mstari wa shingo pamoja na wa ubongo, ndipo mwandike matokeo.