Kwa nini walikata kichocheo wakaiacha jeni

Mama anayevuka na mwanawe kutoka Sengerema au Ukerewe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kwa ajili ya selimundu mara nyingi husimulia jambo lile lile: miezi ya kwanza mtoto hakuwa na shida. Alinyonya, akanenepa. Ilipokaribia nusu mwaka ndipo viganja na nyayo vikavimba, macho yakawa ya manjano, usiku ukawa wa kilio. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, alipendekeza sababu: mtoto mchanga bado anatumia himoglobini aliyotoka nayo tumboni, na hiyo huzuia chembe nyekundu kujikunja.

Juu ya wazo hilo imejengwa Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Kanda ya Ziwa ina kila sababu ya kuielewa. Mwaka 1949 Anthony Allison aliona kwamba vinasaba vya selimundu vimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kulikotawaliwa na malaria. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia zaidi ya sampuli 17,000 za damu ya watoto zilizokusanywa kwa kipimo cha VVU, ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba hicho, na zaidi ya mmoja kati ya mia anao ugonjwa wenyewe.

Himoglobini ya tumboni ina minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama huacha kusomwa na nafasi yake huchukuliwa na jeni ya beta. Kosa la selimundu liko kwenye beta: herufi moja ya DNA imebadilika, asidi ya glutamiki ikawa valini. Kwa hiyo kila mgonjwa anayo jeni nzima ya gama, haina kasoro yoyote, ila imenyamazishwa. Aliyeinyamazisha ni nani?

Kati ya 2007 na 2008, ulinganisho wa vinasaba vya watu wenye himoglobini nyingi ya tumboni ulielekeza kidole kwenye kromosomu ya 2, kwenye jeni iitwayo BCL11A. Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston wakaonyesha kwamba protini yake ndiyo inayoizuia gama isinakiliwe. Mwaka 2011 Julie Makani na wenzake, kwa damu ya wagonjwa wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walithibitisha kwamba tofauti katika eneo hilo hilo huamua kiasi cha himoglobini ya tumboni kwa Watanzania pia. Naliweka hili wazi kwa sababu husahaulika upesi: ushahidi kwamba njia hii inawahusu watu wa huku ulitoka kwa wagonjwa wa huku.

Basi si waiharibu tu BCL11A? Hapa ndipo penye ufundi. Chembe nyekundu huishi takriban miezi minne kwa mtu mzima kiafya, na kwa mgonjwa wa selimundu ni wiki chache tu. Ili tiba idumu, lazima iingie kwenye seli shina za uboho, ambazo ndizo mama wa damu yote. Na seli shina haiwi shina kwa umbo lake. Inabaki hivyo kwa sababu mitambo ya kunakili jeni inaendelea kusoma orodha fulani na kuziacha nyingine kimya. Kwenye seli za kiinitete, zenye uwezo wa kuwa seli ya aina yoyote mwilini, orodha hiyo hulindwa na protini kama Oct4, Sox2 na Nanog. Ndiyo maana Takahashi na Yamanaka, mwaka 2006, waliweza kuirudisha seli ya kawaida ya panya kwenye hali hiyo kwa kuiongezea protini nne tu, Oct4 na Sox2 zikiwemo. Seli shina za damu zina walinzi wao, kama RUNX1 na GATA2. BCL11A nayo ina kazi humo: panya walionyimwa jeni hiyo hukosa limfosaiti B, na seli zao shina hupoteza nguvu ya kujijaza upya. Ukiifuta jeni yote, umeokoa chembe nyekundu na kuharibu chimbuko lake.

Njia ilipatikana mwaka 2013. Daniel Bauer na wenzake katika kundi la Orkin waligundua, ndani ya BCL11A yenyewe, kipande cha DNA kinachochochea unakili wake kwenye ukoo wa chembe nyekundu peke yake. Seli shina inapoamua kuwa chembe nyekundu, GATA2 huondoka na GATA1 hushika nafasi. GATA1 hutua juu ya kipande hicho, na BCL11A husomwa kwa wingi. Kwenye seli shina iliyotulia kipande hicho hakitegemewi. Kwa hiyo mkasi wa CRISPR ulielekezwa pale pale GATA1 inapotua. Seli shina hubeba jeraha hilo bila kulihisi, nalo huanza kufanya kazi vizazi kadhaa baadaye, kwenye wajukuu wake wekundu.

Kuna hoja ya pili, nayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Kurekebisha herufi iliyokosewa kwenye beta kwa kunakili kiolezo kipya kunahitaji seli inayogawanyika, ilhali seli shina bora ni zile zilizolala. Kukata tu na kuiacha seli iunge yenyewe ncha zake, hata kwa makosa, hufanyika vizuri kwenye seli iliyolala. Waliona heri kuvunja swichi kuliko kusahihisha herufi, ili seli shina ibaki shina.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 29 kati ya 30 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hufutwa uboho kwa dawa kali ya busulfani. Tena ilipoidhinishwa ilikuwa kwa wenye miaka 12 na zaidi, ilhali barani kwetu watoto wengi wasiotibiwa hufa kabla ya mitano.

Kinachoweza kufanyika Mwanza leo ni haidroksiyurea, kidonge kinachoifikia himoglobini ile ile kwa mlango mwingine: hupunguza kasi ya kuunda DNA, uboho ukabanwa, ukatoa chembe ambazo bado zinaisoma gama. Jaribio la Bugando liitwalo SPHERE lilitumia kipimo cha mwendo wa damu kichwani kuwatafuta watoto walio hatarini kupata kiharusi, wakapewa dawa hiyo, na mwendo ukashuka. Fedha ya kwanza iende huko, na kwenye kupima kila mtoto anapozaliwa. Nalisema hilo bila kuidharau tiba ya jeni: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo ujuzi wa kumtunza mtoto aliyefutwa uboho umeanza kukaa nchini.

Hatua inayosubiriwa ni kuhariri seli shina zikiwa ndani ya mifupa, kwa sindano, pasipo busulfani. Mwaka 2019 taasisi za afya za Marekani, NIH, na mfuko wa Gates walitangaza dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za namna hiyo, za selimundu na VVU, zinazoweza kutumika Afrika. Ugumu ni kuzifikia seli zilizo chache mno ndani ya uboho. Lakini waliopandikizwa uboho wametufundisha kwamba si lazima zote zifikiwe: inapotoka kwa mtoaji sehemu ya tano tu ya seli za uboho, ugonjwa hurudi nyuma, kwa sababu chembe nzima huishi muda mrefu kuliko zilizojikunja na kuijaza damu.