Insafu Baina ya Kamera Mbili

Katika kazi zote zinazoizunguka sanaa ya kupiga picha, iko moja ambayo aghalabu haitajwi wala haisifiwi, nayo ni kazi ya yule fundi mstahamilivu azichukuaye kamera mbili, ya zamani na mpya, akazisimamisha mbele ya kitu kimoja, kisha akazihukumu kwa insafu kama kadhi awahukumuvyo mahasimu wawili, pasipo kumpendelea aliyevaa kanzu mpya.

Mathalan, Canon EOS 5D ilitoka mwaka 2005 ikiwa na megapikseli 12.8, na mrithi wake, 5D Mark II, akatangazwa mwaka 2008 akiwa na 21.1. Asikiaye hesabu hizo hudhani kuwa picha ya pili lazima iishinde ya kwanza kwa kadiri ya thuluthi mbili. Lakini fundi wetu, kabla hajagusa shata, huketi akakokotoa, akaona kwamba picha ya 5D ina pikseli 4368 kwa upana na ya mrithi ina 5616, yaani upana haukuongezeka hata kwa asilimia 30. Na akitaka kuichapa kwenye karatasi ya A4 kwa nukta 300 kila inchi, upande mrefu wa karatasi hiyo hudai pikseli 3508 tu, kiasi ambacho kamera zote mbili zinacho na kusaza. Anayeapa kwamba huona wingi wa pikseli katika karatasi hiyo, nadhani aionayo ni bei aliyolipa.

Ndipo adabu ya kazi inapoanza. Lenzi huwa moja, ihamishwayo kutoka kamera hii hadi ile. Stendi ya miguu mitatu haisogezwi. Tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO haviongezwi wala havipunguzwi. Na nuru sharti iwe ile ile, kwani wingu moja likipita baina ya picha mbili, ushahidi wote umebatilika. Faili huhifadhiwa ghafi, maana JPEG huwa imekwisha pambwa na kamera yenyewe.

Lakini mtihani mkubwa uko mbele ya kompyuta. Mwenye pupa hukuza kila picha mpaka pikseli moja ijaze nukta moja ya kioo, na kwa kufanya hivyo humdhulumu mrithi, kwa kuwa picha yake, yenye pikseli nyingi zaidi, huwa imekuzwa zaidi, na chengachenga zake zimekuzwa pamoja nayo. Mwadilifu hukumbuka kwamba vihisi vyote viwili vina ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, hata nuru iviangukiayo ni sawa. Basi huzileta picha kwenye kipimo kimoja, au, na hili ndilo nilipendalo, huzichapa kwa ukubwa mmoja akazitundika ukutani bega kwa bega.

Hapo haki hudhihiri. Mchana wa jua, kwa ISO 100, macho hubabaika yasijue ipi ni ipi, isipokuwa pengine kwa vumbi angani, maana 5D haina kifaa cha kukisafisha kihisi chake. Usiku ni habari nyingine: ya zamani hukomea ISO 1600, na 3200 kwa kulazimishwa, ilhali mrithi hufika 6400 bila taabu ya kulazimishwa. Hata hivyo naye ana aibu yake, kwani ukizing'arisha sehemu zake za giza kwa programu, hujitokeza mistari isiyopendeza, na ustadi wa kulenga vizuri hauifuti.

Apigaye harusi za usiku na achukue Mark II; apigaye mchana, na picha zake hazivuki A4, 5D kuukuu yamtosha.