Jumuiya Ndogo Ndogo: Kanisa la Majirani

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ni vikundi vya familia za Kikatoliki zinazoishi jirani na kukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwaka 1976, katika mkutano wao wa Nairobi, maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji.

Sifa kubwa ya jumuiya hizi ni kigezo cha kuingia: mtaa, si kabila wala kipato. Jijini Dar es Salaam, Mhaya mwenye duka, mwalimu wa Kichaga na mpangaji Msukuma huketi mkeka mmoja, husali rozari na kusoma Injili ya Jumapili inayofuata, kisha kila mmoja hueleza neno lililomgusa. Mwenyekiti aweza kuwa fundi cherehani, na meneja wa benki akasubiri zamu yake ya kusema. Umoja huo hupimwa hasa msibani. Jumuiya huchanga, hupika, huimba na kukesha hata kwa mfiwa aliyehamia juzi, ambaye ukoo wake uko mbali. Desturi za kila kabila hubaki zilivyo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Dosari zipo. Wanaume wengi huwaachia wake zao ibada hizi, na wako waumini wanaoikumbuka jumuiya pale tu wanapohitaji barua ya ubatizo au ndoa. Hata hivyo, parokia nyingi huanza kuchagua viongozi wa walei katika ngazi hii, hivyo sauti ya muuza mboga humfikia paroko.