Siku sita za FBI: upekuzi wa Brett Kavanaugh ulivyofanywa

Upekuzi wa mtu aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani si upelelezi wa jinai. FBI inapoufanya inaitumikia Ikulu. Ikulu ndiyo inayoomba, ndiyo inayosema nani ahojiwe na kuhusu jambo gani, na jalada hupitia kwake kabla ya kufika Seneti. Wapelelezi hawana hati ya kupekua nyumba wala amri ya kumlazimisha shahidi kuzungumza, na anayekataa huachwa aende zake. Wanachotegemea ni kwamba kumdanganya mpelelezi wa serikali kuu ni kosa la jinai. Jalada lenyewe halihukumu. Limejaa muhtasari wa mahojiano, na kazi ya kupima nani aaminiwe ni ya maseneta.

Utaratibu huo ndio uliotumika mwaka 2018. Rais Donald Trump alimteua Brett Kavanaugh tarehe 9 Julai. Mwishoni mwa mwezi huo Christine Blasey Ford, profesa wa saikolojia anayeishi California, alimwandikia Seneta Dianne Feinstein akieleza kwamba Kavanaugh alimshambulia kingono kiangazi cha mwaka 1982, walipokuwa wanafunzi wa sekondari huko Maryland. Kavanaugh alikanusha kabisa. Ford aliomba jina lake lisitajwe, na barua ikabaki kwa Feinstein hadi katikati ya Septemba. Hasara kubwa ya muda ilitokea hapo: wiki sita ambazo mashahidi wangeweza kuhojiwa faraghani, kabla ya kamera na kabla kila upande haujajifunga kwenye msimamo wake, zilipita bila kutumika.

Tarehe 27 Septemba wote wawili walitoa ushahidi kwa kiapo mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Kesho yake kamati ilipitisha jina la Kavanaugh kwa kura 11 dhidi ya 10, lakini Seneta Jeff Flake akataka FBI ipewe muda usiozidi wiki moja kabla ya kura ya Seneti nzima. Trump aliagiza upekuzi wa nyongeza wenye mipaka na utakaokamilika chini ya wiki moja. Watu wengi wanakumbuka kikomo cha muda, ilhali ile mipaka ndiyo iliyoamua zaidi. Orodha ya kwanza ilikuwa na watu wanne. Baada ya malalamiko ilipanuliwa, na mwishowe wakahojiwa watu 10. Ford na Kavanaugh hawakuwamo.

Walioutetea uamuzi huo walisema wawili hao walikwisha kutoa ushahidi hadharani. Kwa mtu anayejua kazi ya mahojiano, hoja hiyo haitoshi. Ford aliulizwa na Rachel Mitchell, mwendesha mashtaka kutoka Arizona aliyeletwa na maseneta wa Republican, kwa vipande vya dakika tano tano vilivyokatizwa na zamu za maseneta wa Democratic. Mitchell mwenyewe, kabla hajamaliza, alikiri kwamba hakuna utafiti unaosema hiyo ndiyo njia bora ya kumhoji mtu aliyepata kiwewe. Mpelelezi angemwacha shahidi asimulie mfululizo, kisha arudi nyuma polepole kwenye mambo yanayoweza kupimwa.

Na yalikuwapo. Ford hakukumbuka tarehe wala nyumba. Alikumbuka kwamba wiki sita hadi nane baada ya tukio alimwona rafiki wa Kavanaugh, ambaye kwa maelezo ya Ford alikuwamo chumbani, akifanya kazi katika duka la Safeway la Potomac Village, na akaiambia kamati kwamba tarehe za ajira hiyo zingesaidia kubana kipindi. Hiki ndicho kitu ambacho mpelelezi mwenye haraka hukitafuta kwanza. Kumbukumbu ya miaka 36 haina tarehe, lakini karatasi ya mshahara inayo. Ukipata wiki za ajira unahesabu kurudi nyuma, kisha unalinganisha na kalenda ya mwaka 1982 ambayo Kavanaugh aliikabidhi kwa kamati. Matokeo yangeweza kuimarisha simulizi ya Ford au kuidhoofisha, na yote mawili yangewafaa maseneta. Kulikuwa pia na kumbukumbu za mtaalamu aliyempa Ford ushauri nasaha mwaka 2012. Mawakili wake walisema wangezikabidhi kwa FBI akihojiwa. Hakuhojiwa, na mlango huo ukafungwa.

Kuzihoji pande zote mbili kwa haraka hakukuwa jambo geni. Mwaka 1991, Anita Hill alipomtuhumu Clarence Thomas, naye akiwa mteule wa Mahakama ya Juu, kwa unyanyasaji wa kingono, FBI iliwahoji wote wawili na kumaliza ndani ya siku chache.

Jalada la Kavanaugh lilifika Seneti alfajiri ya Alhamisi, tarehe 4 Oktoba. Ilikuwa nakala moja, katika chumba chenye ulinzi chini ya jengo la Bunge, na maseneta wa vyama viwili waliisoma kwa zamu za saa moja moja. Jumamosi Kavanaugh aliidhinishwa kwa kura 50 dhidi ya 48.

Sehemu iliyobaki ilijulikana baadaye. Katika barua ya tarehe 30 Juni 2021, FBI iliwaeleza maseneta Sheldon Whitehouse na Chris Coons kwamba ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 4,500 kutoka kwa raia kwa simu na mtandao, na kwamba zilizohusu suala hilo zilipelekwa kwa ofisi ya mshauri wa sheria wa Ikulu. Kwa hiyo ofisi ya upande ulioweka mipaka ya upekuzi ndiyo iliyopokea pia yale yaliyoangukia nje ya mipaka hiyo. Ripoti aliyoitoa Whitehouse Oktoba 2024 ilihitimisha kwamba Ikulu iliudhibiti upekuzi huo, na kwamba taarifa hizo zilipelekwa huko bila kuchunguzwa.